Siku 16 chuoni Moshi: tuna 450,000, tununue fulana au tufanye nini?

Binti wa Rau

Habari za jioni wana jukwaa. Naombeni mawazo, hasa kwa waliowahi kuwa kwenye serikali ya wanafunzi upande wa jinsia.

Niko mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Moshi mjini. Sikitaji kwa sababu mambo yenyewe bado yako mezani. Mwaka huu nimepewa wizara ya jinsia na makundi maalumu. Wizara yenyewe ni mimi, naibu wangu na daftari. Tumetengewa shilingi 450,000 kwa ajili ya Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, zile za 25 Novemba mpaka 10 Desemba.

Kamati imeshakaa na mpango upo tayari, maana ni ule ule wa mwaka jana. Fulana 30 za rangi ya chungwa, 12,000 kila moja. Hapo 360,000 imeshaondoka. Elfu tisini inayobaki ni ya bango, keki na soda za meza kuu. Ukumbi mkubwa, Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Risala inasomwa, mgeni rasmi anaongea, keki inakatwa, picha, tunatawanyika.

Mwaka jana nilikuwepo, nilikaa viti vya nyuma. Waliokuja ni kamati, kwaya, na wale walioambiwa na CR wao, kiongozi wa darasa, kwamba mahudhurio yatachukuliwa. Wasichana wa mwaka wa kwanza sikuwaona, na wao ndio wanaotakiwa kuwa wa kwanza kualikwa. Mwezi wa kumi na moja ndipo wanapohangaika: hosteli imejaa, wanatafuta geto, boom (hela ya mkopo) halijaingia, na kila kaka wa mwaka wa tatu ghafla ana roho nzuri ya kusaidia kubeba begi.

Halafu saa. Sisi tuliopanga nje, huku Rau na wenzetu kule Soweto, shughuli ya saa kumi na mbili inatuachia saa mbili usiku. Njia yangu kutoka lami mpaka kwenye mageto ina taa moja, nayo ni ya dukani kwa Mangi. Mangi akifunga, basi. Kwa hiyo tunaalikwa kwenda kusikia habari za usalama wetu, halafu tunarudi kwa tochi ya simu.

Kwa hela hiyo, nyie mngefanya nini? Na wavulana tuwaite? Mwenyekiti anasema wakiwepo, wanawake hawatafunguka. Naibu wangu, ambaye ni mvulana, anasema wasipokuwepo tutakuwa tunaambiana tunayoyajua tayari. Nawaomba msinijibu kwa maneno ya risala, hayo ninayo ya kutosha.

Dada wa Njiro

Mdogo wangu, hapo kwenye soda za meza kuu nimecheka peke yangu kwenye daladala. Nilikuwa katibu wa klabu ya jinsia chuo kimoja Arusha kabla sijaanza kazi, kwa hiyo hiyo bajeti yako naijua hata bila kuiona.

Fulana futa. Sisemi fulana ni mbaya kila mahali. Tarehe 8 Machi 2025, kilele cha Siku ya Wanawake kitaifa kilipofanyika hapa Arusha, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Rais Samia akiwa mgeni rasmi, fulana zilikuwa na kazi: umati ule bila sare huwezi kumpata mwenzako. Lakini ndani ya chuo, watu 30 wanaofahamiana, mnavalishana ili iweje? Mwenyekiti akilia sana na rangi ya chungwa, nunueni mita chache za kitambaa, kateni vipande, kila anayekuja afunge mkononi. Hiyo haifiki hata elfu ishirini.

Sasa mahali. Shughuli yetu iliyofanya kazi kuliko zote haikuwa na ukumbi. Ilikuwa kwenye kamba za nguo. Jumamosi asubuhi hosteli ya wasichana yote iko nje inafua, hakuna anayekimbilia kipindi, na hakuna anayeona aibu kuonekana pale, maana kila mtu ana beseni lake. Tulimwomba wakili mmoja mwanamke aje, akaja na kanga na kandambili. Tukamgeuzia ndoo, akakaa. Hakuna maiki, hakuna emsii, hakuna "itifaki imezingatiwa".

Mwanzoni hakuna aliyeuliza kitu cha maana. Tuliongea bei ya sabuni, tukasema maji ya bomba la pili yana kutu, wakili naye akachangia jinsi ya kutoa doa la mafuta. Nikaanza kuona tumepoteza muda wa mtu. Ndipo binti mmoja, anakamua jinzi, macho yako kwenye jinzi, akauliza: "Hivi mwalimu akikwambia sapu yako, yaani mtihani wa marudio, inazungumzika, halafu akakutajia gesti, hapo mwenye kosa ni nani?" Mabeseni yote yakanyamaza.

Wakili hakushtuka. Alimwambia mwenye kosa ni mwenye madaraka. Inaitwa rushwa ya ngono, iko kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Akasisitiza kwamba kule kudai tu ni kosa, si mpaka uende huko gesti ndipo iwe kesi. Meseji usifute, andika siku na saa, piga 113 ya TAKUKURU, haikati salio. Halafu akasema jambo ambalo mimi sikulitegemea: kabla hujapiga popote, mwambie mtu mmoja unayemwamini, siku hiyo hiyo, ili baadaye usiambiwe umebuni. Baada ya hapo maswali hayakukatika, mpaka ya mwenye nyumba anayeingia chumbani kwa mpangaji bila hodi.

Ukiuliza wavulana, mimi ningewatenga hapo na kuwaita pengine. Kwenye kamba, wanawake watupu. Jambo la pili mliite la wote, nalo liko kwenye swali lako mwenyewe ila hujaliona: ile njia ya kwa Mangi.

Fanyeni matembezi ya usiku. Saa moja na nusu, kutoka geti la chuo mpaka kwenye mageto, kwa njia zile zile mnazopita kila siku, si barabara kuu. Mtu mmoja ashike daftari: nguzo gani taa imekufa, pagale liko wapi, mtaro gani umefunikwa na majani, wapi vijana wa kijiweni wanapiga miluzi. Toeni taarifa polisi mapema, maana kundi la watu usiku bila taarifa ni kutafuta maneno. Mwenyekiti wa mtaa mualikeni atembee, msimwalike ahutubie. Mshauri wa wanafunzi vilevile. Huyo ndiye mgeni rasmi wako. Mkubwa akishatumbukiza kiatu mtaroni gizani, barua yako ya kuomba taa haikai kwenye trei muda mrefu.

Hela inayobaki nunueni taa za sola za nje, zile za kufunga ukutani. Ongeeni na wenye nyumba wa njia hiyo. Wengi watakubali, wao pia wanaibiwa kuku.

Mkali wa Pasua

Mimi nipo upande wa naibu wako. Tatizo la hizi shughuli, mwanaume ukienda unakaa saa mbili unasemwa wewe kwa makosa ya mtu ambaye hata hakuja. Mwaka jana kwetu mtoa mada alituuliza "nani hapa amewahi kumpiga mwanamke anyooshe mkono". Sasa hapo unategemea nini? Tukachukua soda tukatoka.

Ila hilo la matembezi nimelielewa. Mimi nikitembea usiku namba moja naogopa mbwa. Sijawahi kupita njia nikihesabu mapagale. Mkiniita hapo nakuja, na kufunga taa naweza, nimesoma umeme VETA kabla ya kuingia chuo. Sitaki hela, mninunulie chapati maharage tu.

Binti wa Rau

Dada wa Njiro, asante sana, nimeisoma mara mbili. Hapo kwa "ila hujaliona" umenipata, ila nakubali. Swali: huyo mwalimu ilikuwaje?

Mkali, chapati zipo. Na huyo mtoa mada wa mnyoosho wa mikono nadhani ndiye aliyekuja kwetu.

Dada wa Njiro

Binti aliripoti, siyo kwetu, alienda na dada yake. Zaidi ya hapo si habari yangu kuileta jukwaani.

Mchomeleaji

Naomba niharibu kidogo hali ya hewa. Nasoma ufundi Arusha, nachomelea, nywele nanyoa kwa sababu ya barakoa na cheche, na Jumapili nacheza mpira. Hosteli naitwa jikedume, na wanaoniita hivyo zaidi ni akina dada wenzangu. Wiki ya wanawake ikifika naombwa nije kupanga viti kwa kuwa nina nguvu, halafu picha ikipigwa naambiwa "wewe kaa pembeni, hujavaa kike".

Kwa hiyo Binti wa Rau, unapouliza wavulana waitwe au la, jiulize pia ni wasichana gani mmezoea kuwaita. Yupo asiyefanana na bango lenu. Yupo mwenye mtoto wa miezi minne anayenyonyesha kwenye ngazi za maktaba. Yupo anayetembelea magongo, na ukumbi wenu uko ghorofani. Yupo kijana mpole, sauti nyororo, ambaye wenzake wa kiume wanamgeza kila akifungua mdomo, naye hana wizara. Hawa wote wananyanyaswa kwa sababu hawajakaa vile watu wanavyotaka mwanamke au mwanaume akae, na sijawahi kusikia risala ikiwagusa.

Kingine kidogo cha hela ndogo. Choo cha karakana yetu kilijengwa enzi ambazo hakuna aliyefikiria msichana ataingia mle. Hakina ndoo ya kutupia pedi. Nchi nzima tulibishana VAT ya taulo za kike, ikaondolewa bajeti ya 2018/19, ikarudishwa 2019/20, wabunge wakasema yao, wanaharakati wakasema yao, na wakati wote huo mimi natembea na pedi iliyotumika ndani ya begi mpaka hosteli. Ndoo yenye mfuniko haizidi elfu kumi na tano. Pitieni vyoo vya madarasa, maabara na karakana, hesabuni visivyo na ndoo, nunueni. Hamna haja ya mgeni rasmi wa ndoo.

Sista wa Zamu

Nawasalimu. Mimi ni muuguzi hapa hapa mkoani Kilimanjaro, sina muda mrefu, naingia usiku.

Chochote mtakachofanya, hakikisheni kila binti wa mwaka wa kwanza anaondoka anajua saa 72. Aliyebakwa anatakiwa afike hospitali ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Dawa ya kuzuia mimba nayo ni hivyo hivyo, ni ya kuwahi. Wengi tunawapata siku ya tano, ya sita, baada ya rafiki kumshawishi aseme. Wakati huo kuna mambo tunaweza kufanya, lakini hilo la VVU dirisha limefungwa.

Asioge. Najua ni kitu cha kwanza mtu anachotaka, lakini asioge, asifue. Nguo aziweke kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa plastiki, plastiki inaweka unyevu na ushahidi unaharibika. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, pale ndipo anapochukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Ila kama ameumia au hali yake si nzuri, aje hospitali kwanza, fomu itafuata. Baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja, asihangaishwe kusimulia mlango kwa mlango. Ulizeni mapema cha karibu yenu kiko wapi, na mkaone kwa macho kabla ya kumwelekeza mtu.

Hayo yaandikwe kwenye karatasi ndogo, yabandikwe ndani ya milango ya vyoo vya kike. Ndani, siyo nje. Mtu anasoma akiwa peke yake na hakuna anayemwona anasoma nini. Msiweke namba ya kiongozi wa wanafunzi, viongozi wanabadilika kila mwaka. Wekeni ya ofisi, na muipige kwanza kuona kama inapokelewa.

Mwalimu Mstaafu

Nimekuwa nasoma kimya kimya. Naomba kusema kuhusu keki.

Tarehe 25 Novemba ni siku waliyouawa akina dada watatu wa Jamhuri ya Dominika, Patria, Minerva na María Teresa Mirabal, mwaka 1960, kwa kumpinga dikteta Trujillo. Kampeni ya Siku 16 ilianza 1991, na Umoja wa Mataifa ukaitambua tarehe hiyo mwaka 1999. Sasa nyie mnakata keki na kulishana. Keki kateni 8 Machi, sina neno. Novemba hapana.

Wala hamna haja ya kwenda mbali kote huko. Mwaka 1990, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Siku hizo Mlimani kulikuwa na kitu kinaitwa "Punch", maandishi na michoro ya ukutani isiyo na jina la mwandishi, ya kuwadhalilisha wasichana. Msichana aliyemkataa mtu alijua kesho anaweza kujikuta ukutani, na wanaopita wanacheka. Wanawake waandishi wa habari wa TAMWA, chama kilichoanzishwa 1987, walilisema jambo hilo hadharani wakati wengi walitaka liishe ndani ya chuo.

Nikiwaambia vijana hadithi hii wanasema ni mambo ya zamani. Halafu nawauliza: kile kikundi cha WhatsApp cha darasa lenu, ile akaunti isiyo na mwenyewe inayoweka picha za wasichana na kuwapa maksi, hicho ni nini? Ukuta umehamia kwenye simu. Tofauti ni kwamba leo ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na wengi wanaosambaza hawajui kwamba anayesambaza naye yumo.

Binti, kama utasoma kitu chochote kwa sauti usiku wa matembezi yenu, soma hilo la 1990. Dakika tatu zinatosha.

Binti wa Rau

Shikamoo Mwalimu. Keki imeshatoka, nilikuwa natafuta sababu nzuri ya kuitoa na umenipa.

Mchomeleaji, pole na asante. Hilo la ghorofani ni kweli tupu, ukumbi wetu uko juu na lifti hakuna. Nina classmate anayetumia kiti cha magurudumu na hajawahi kuhudhuria shughuli yoyote ya serikali ya wanafunzi, tukawa tunasema "huyu hapendi mikusanyiko".

Sista, nimeipiga namba ya ofisi iliyoandikwa kwenye kitabu cha mwongozo cha mwaka wa kwanza. Haipatikani. Kesho asubuhi naenda kugonga mlango.

Mkali wa Pasua

Hapo kwenye WhatsApp mzee ametugusa wengi. Naacha hivyo.

Swali la kiufundi: taa mnataka ngapi, na mmepima nguzo? Hizi sola za bei rahisi, mvua za vuli zikipiga wiki moja zinakufa. Chukueni zenye paneli ya kutenganisha, paneli inakaa juu ya bati, taa inakaa ukutani. Nikienda dukani mjini naweza kuuliza bei.

Binti wa Rau

Mrejesho, maana wengine mmenifuata inbox.

Kamati imekaa jana mpaka usiku. Fulana zimekufa, ingawa mweka hazina alizitetea kama shamba la urithi. Tumekubaliana hivi: Jumamosi ya kwanza, kamba za nguo hosteli ya wasichana, na Jumapili yake tunarudia kwenye uwanja wa mageto ya Rau, maana kuna mama mwenye nyumba ametupa uwanja wake na akasema naye atakaa asikilize. Yule mwenye mtoto wa miezi minne aje naye, dada yake naibu atamshika mtoto. Alhamisi inayofuata ni matembezi. Mshauri wa wanafunzi amekubali kuja. Mwenyekiti wa mtaa amesema atakuja kama siyo siku ya mechi, tumeangalia ratiba, siyo siku ya mechi.

Ofisi ya dawati la jinsia ya chuo nilienda. Ipo, ina meza na kufuli. Mhusika anafundisha kozi nne na hupatikana "ukimpigia". Nimemwandikia barua, nakala kwa mshauri wa wanafunzi, ofisi iwe wazi hata siku mbili kwa wiki kwa saa zinazojulikana, na saa hizo ziandikwe mlangoni. Bila hilo siwezi kubandika karatasi za Sista vyooni, nitakuwa namtuma mtu kwenye kufuli.

Hela: ndoo za vyoo 8, karatasi na kuchapa, kitambaa, chapati za Mkali, na taa za sola kwa kitakachobaki. Mkali, niulizie zile za paneli ya kutenganisha, tatu au nne, na uniandikie bei halisi ya dukani, mweka hazina anataka risiti ya EFD.

Bango mwenyekiti amelikatalia kuondoka, kwa hiyo lipo. Tumelipunguza likawa mita mbili, na Mchomeleaji, kama una nafasi wikiendi hiyo, tunahitaji mtu wa kututengenezea fremu yake. Nauli ya Arusha tunalipa, na kwenye picha unakaa katikati.

Mchomeleaji

Nauli na nondo. Nakuja.